Maskani Ikifungwa, Teja Aende Wapi?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu mihadarati na siasa, kwa sababu vyama vimeanza kuandaa ilani za uchaguzi wa Agosti 2027 na kila anayesimama kuomba kura, iwe ni Kongowea au Likoni, ana neno la kusema juu ya unga, yaani heroini. Barua zilizotufikia ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua sita, tumezifupisha kidogo, na majina ya waandishi tumeyahifadhi. Mimi ninayejibu nilijitolea kwa miaka kadhaa kuwashauri waraibu na jamaa zao katika mitaa ya kisiwani Mombasa, na majibu yangu yanatoka huko kabla ya kutoka kwenye vitabu.

Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa vijana wa chama kimoja katika wadi mojawapo ya Kisauni. Tumeletewa rasimu ya sera ya chama kuhusu dawa za kulevya tuijadili kabla ya mkutano wa kaunti. Ina kurasa tatu. Kurasa mbili na nusu zinahusu uingizaji na uuzaji: doria baharini, kukamata wachuuzi, kufunga maskani zote, vile vijiwe ambapo mateja hutumia unga, ndani ya siku 100. Nusu ukurasa unaobaki unasema kwamba chama "kitahimiza matibabu". Wenzangu wameipigia makofi. Mimi nahisi kuna kitu kimepungua, lakini sijui nikisemeje bila kuonekana natetea mateja. — Katibu, Kisauni

Ndugu Katibu, kilichopungua ni jibu la swali moja. Siku ya 101, maskani zikiwa zimefungwa na unga umekatika, yule aliyekuwa akivuta au akijidunga mara tatu au nne kwa siku ataamka vipi?

Swali hilo limeshawahi kuulizwa hapa kwetu, na jibu lake tuliliona kwa macho. Mwishoni mwa mwaka 2010 hadi miezi ya mwanzo ya 2011, serikali ilipokaza kamba dhidi ya walanguzi, unga uliadimika Pwani. Kwa mwenye rasimu kama yenu, huo ungekuwa ushindi. Mitaani haukuwa hivyo. Watu waliingia arosto, yale maumivu ya mwili uliokosa unga, kwa mamia, siku moja, bila kuandaliwa. Nasema arosto kwa sababu ndilo neno letu, lakini nataka wenzako wanaopiga makofi wajue ni kitu gani. Ni mtu mzima ambaye macho na pua vinamchirizika, tumbo linamkata, anahara na kutapika, mifupa inamuuma kama iliyotwangwa, na ngozi inamsisimka kwa baridi saa nane za mchana katika jua la Mombasa. Januari ile nilimkuta kijana mmoja wa Majengo amejikunja kwenye baraza ya nyumba yao, amejifunika blanketi la sufi mpaka kichwani, na mamake amekaa kwenye kibao cha mbuzi pembeni yake akimkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Mama yule hakuniuliza ni lini polisi watamkamata muuzaji. Aliniuliza ni wapi atapata dawa ya kumtuliza mwanawe usiku huo, nami sikuwa na pa kumwelekeza, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na kituo hata kimoja cha methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto, nchini Kenya. Cha kwanza kilifunguliwa katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwezi Disemba 2014.

Walichofanya watu katika miezi ile ni kutafuta mbadala. Wengine walimeza vidonge vya usingizi, wengine walizamia pombe, wengine walinunua kwa bei ya juu vumbi lililochanganywa na vitu visivyojulikana wakalitia kwenye mishipa. Kisha unga ukarudi, nao wakaurudia. Nafasi ile, ambapo soko lilikuwa limevunjika na wateja wenyewe walikuwa wakiomba msaada, ilipita hivi hivi kwa sababu hapakuwa na dirisha la dawa lililofunguliwa.

Simaanishi kwamba doria baharini ni kazi bure. Unga unaotufikia hutoka Afghanistan, hushushwa pwani ya Makran kwenye mpaka wa Iran na Pakistan, ukapakiwa majahazini na kuvuka Bahari ya Hindi hadi upande wetu, kisha sehemu kubwa yake huendelea na safari kuelekea masoko mengine, na kinachodondoka njiani ndicho kinacholisha maskani zetu. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi umbali wa kilomita 50 hivi kutoka Mombasa likiwa na kilo 1,032 za heroini, na shehena hiyo ikamwagwa baharini. Miezi mitatu baadaye ikakamatwa meli ya Amin Darya ikiwa na zaidi ya kilo 370, na mwishoni mwa Agosti, kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta, meli na mzigo wake vililipuliwa baharini. Hiyo ni zaidi ya tani moja na robo katika mwaka mmoja, katika maji yetu au karibu nayo, na bado unga haukukatika mitaani. Ukubwa wa bahari ni huo, na faida ya biashara ni hiyo. Chama kinachowaahidi watu siku 100 kinaahidi jambo ambalo manowari hazijaliweza.

Sasa, utayasemaje haya bila kuitwa mtetezi wa mateja? Yaseme kwa lugha ya biashara, lugha ambayo kila mwanasiasa anaielewa. Teja mmoja ni mteja anayerudi kwa pusha mara tatu au nne kwa siku, kila siku, Idi na Krismasi, mvua ikinyesha na jua likiwaka. Hakuna duka lolote Mombasa lenye mteja mwaminifu kama huyo. Siku anayopata kikombe chake cha methadoni na kutulia, pusha amepoteza mauzo manne kabla ya saa sita mchana, na hakuna risasi iliyolia wala mlango uliovunjwa. Ukiwatoa sokoni wateja 500 kwa njia hiyo, umefanya kazi ya kupunguza uuzaji ambayo msako wa wiki nzima haufanyi, kwa sababu msako humwondoa muuzaji, na nafasi ya muuzaji huzibwa kabla jua halijatua. Waambie wenzako kwamba matibabu si ile nusu ukurasa ya huruma iliyowekwa mwishoni. Ni sehemu ya zile kurasa mbili na nusu.

Na neno "kitahimiza" liondoeni. Ni neno la mtu asiyetaka kulipa. Andikeni madirisha mangapi ya dawa yatafunguliwa, katika zahanati zipi, kwa fedha ya bajeti gani, na andikeni kwamba hakuna maskani itakayovunjwa kabla wahudumu wa afya hawajafika hapo na kuwaandikisha waliomo. Hoja hiyo ya mpangilio wa kazi, nani aanze na nani afuate, ndiyo ambayo ningeipigania hadi usiku wa manane kama ningekuwa katika kikao chenu.

Mheshimiwa Mhariri, assalamu alaykum. Mwanangu wa pili anavuta unga, mwaka wa saba huu. Ameuza sufuria zangu, ameuza gesi, ameuza hata kanga za kuozea dada yake. Amefungwa mara mbili kwa kukutwa na kete. Mgombea mmoja alipokuja mtaani akasema chama chake kitawafunga wote hadi watakapoacha, nilimpigia vigelegele, kwa sababu mwanangu akiwa jela angalau mimi nalala. Nimefanya dhambi? — Mama, Likoni

Wa alaykumu ssalam, mama yangu. Hukufanya dhambi yoyote. Mama aliyekesha miaka saba ana haki ya kutaka usingizi, na ningependa wagombea wote wasome mstari wako huo kabla ya kuandika chochote.

Lakini kuna mambo mawili ambayo mgombea yule hakukueleza, na sidhani anayajua. La kwanza ni hatari ya siku ya kutoka. Mtu aliyekaa miezi jela bila unga, mwili wake husahau ule uzoefu wa kuuhimili. Akitoka na kuvuta au kujidunga kiasi kile kile alichokuwa akitumia zamani, kiasi ambacho awali kilimtuliza tu, safari hii kinaweza kuzima pumzi yake. Wiki za mwanzo baada ya kifungo ni miongoni mwa nyakati za hatari kubwa kabisa katika maisha ya mraibu wa heroini. Kifungo kisichokuwa na matibabu ndani yake kinaahirisha msiba tu. Katika gereza la Shimo la Tewa huduma ya methadoni imeanzishwa, na hilo ni jambo jema sana, lakini mfungwa wa muda mfupi na mahabusu wa rumande hawafiki mbali kabla hawajaachiwa.

La pili ni kwamba sheria yenyewe haikutaka mwanao atendewe kama mlanguzi. Sheria ya mihadarati ya mwaka 1994 ina sehemu nzima inayohusu vituo vya kuwarekebisha waraibu, na inampa hakimu uwezo wa kuamuru mraibu atumikie sehemu ya kifungo chake huko. Marekebisho ya 2022 yaliongeza uzito wa adhabu za walanguzi. Kwa miaka 30 kilichokosekana ni majengo, wauguzi na fedha, yaani vitu ambavyo chama kikishika serikali ndicho kinachovipangia. Hakimu hawezi kumpeleka mtu kwenye kituo kisichokuwapo.

Mgombea akirudi mtaani kwenu, muulize swali hili na usimwache aondoke kabla hajalijibu. Kijana anayekunywa methadoni akikamatwa Ijumaa jioni na kutiwa seli hadi Jumatatu, Jumamosi asubuhi nani atamfikishia dozi yake? Huenda likaonekana swali dogo, lakini vijana wangapi nimewaona wakianguka hapo. Mtu akikosa dawa siku kadhaa mfululizo hawezi kurudishiwa kipimo chake cha awali, inabidi aanze tena chini na kupandishwa taratibu, na katika siku hizo za kusubiri ndipo pusha humkaribisha. Kazi ya miezi minane huharibika kwa wikendi moja. Nilimsindikiza kijana mmoja kwenye kituo fulani cha polisi, kadi yake ya kliniki mkononi, tukaambiwa na aliyekuwa zamu kwamba pale si hospitali. Hakuwa mtu mbaya, mama. Hakuwa na maagizo yoyote yaliyoandikwa ya kumwambia afanye nini, na maagizo ya aina hiyo ndiyo sera.

Bwana Mhariri, nimesoma kwamba baadhi ya vyama vinataka kuongeza vituo vya methadoni. Mimi ni mzee wa Mji wa Kale, nimeona vijana wa Kibokoni na Kuze wakiteketea tangu miaka ya themanini. Kumpa mtu kilevi cha serikali badala ya kilevi cha pusha, huko ni kumtibu au kumbadilishia tajiri? — Mzee, Mji wa Kale

Shikamoo mzee wangu. Swali lako halitoki kwa mtu mwenye moyo mgumu. Linatoka kwa mtu aliyezika wengi, na ni lazima lijibiwe kwa heshima hiyo.

Methadoni ni kweli iko katika jamii moja na heroini, na ni kweli mwili huizoea. Tofauti iko katika mwendo wake. Heroini hupanda haraka na kushuka haraka, ndiyo maana mtu hawi na nafasi ya kufikiria jambo lingine, kwani kila baada ya saa chache arosto inabisha hodi. Methadoni hunywewa, haidungwi, hupanda polepole na hukaa mwilini siku nzima na zaidi, kwa hiyo kikombe kimoja cha asubuhi kinatosha. Kipimo kikishakuwa sawa, mtu halewi. Anakuwa kama wewe na mimi: anaweza kuendesha mkokoteni, kuvua, kurudi skuli, kuswali akiwa na akili zake. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Majirani zetu wa Tanzania walianza Muhimbili mwaka 2011, kabla yetu.

Nakualika, mzee wangu, siku moja ukae nje ya kliniki mapema asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Utaona foleni ya watu waliooga. Hilo la kuoga usilidharau, kwa sababu teja wa maskani haogi. Kila mmoja anafika dirishani, anatajwa jina lake, anapewa kikombe kidogo cha dawa ya maji, anakunywa mbele ya muuguzi, kisha anatakiwa aseme neno, "ahsante" au "tutaonana kesho", ili ijulikane kwamba amemeza na hakuificha mdomoni kwenda kuiuza. Baada ya hapo anakwenda zake. Kuna waliokunywa mwaka mmoja wakapunguziwa hadi wakaacha, kuna watakaoihitaji miaka mingi kama mgonjwa wa sukari anavyohitaji insulini, na kuna walioshindwa katikati. Sitakuficha hao wa mwisho.

Kuhusu dini, mimi si mufti na sitatoa fatwa. Nitataja tu kwamba MEWA, jumuiya ya Kiislamu ya hapa hapa Mombasa, ni miongoni mwa walioshughulika na waraibu kwa miaka mingi, na kwamba mpango wa kugawa sindano safi ulipoanza mwaka 2012 mashekhe wengi wa Pwani waliupinga hadharani, wakiona ni kuwapa vijana silaha ya kujiulia. Hofu yao niliielewa. Lakini serikali ilipowapima wanaojidunga, karibu asilimia 18 walikutwa na virusi vya UKIMWI, kiasi cha mara tatu ya watu wazima kwa jumla, na kijana huyo ana mke. Ndiyo maana siwezi kuunga mkono chama kinachotaka kufuta huduma hizi kwa hoja ya maadili pekee.

Kuna jambo jingine ambalo lingenikosesha usingizi zaidi kama ningekuwa mzee wa mtaa. Kwa miaka mingi fungu kubwa la gharama za huduma hizi, pamoja na za UKIMWI kwa jumla, lilibebwa na misaada kutoka Marekani. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, dirisha la kijana wa Kibokoni lilikuwa limeegemea uamuzi wa mtu aliye ng'ambo ambaye hajui Kibokoni iko wapi. Kikombe kile hakiruhusu mapumziko ya kusubiri mkutano wa bajeti. Chama kinachosema kitaongeza vituo lazima kiseme shilingi zitatoka wapi, za Nairobi au za kaunti, wafadhili wakija na wakiondoka.

Mhariri, kwa nini tunawasikiliza wagombea ugavana wakizungumzia dawa za kulevya wakati polisi si wao? Na je, muguka nao umo katika sera hizi? — Msomaji, Changamwe

Ndugu msomaji, Katiba ya 2010 katika Jedwali la Nne imeweka polisi upande wa serikali ya kitaifa, lakini ikaweka huduma za afya za kaunti, na pia udhibiti wa dawa za kulevya, upande wa kaunti. Kwa hiyo gavana hana bunduki, ila zahanati ni zake, wauguzi ni wake, na leseni nyingi za biashara zinapita kwake. Mgombea ugavana anayezungumzia misako tupu anakimbia kazi aliyopewa na Katiba na kuvamia ya mwingine.

Muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, ni ushahidi wa jinsi mipaka hiyo inavyoweza kuleta mzozo. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku uingizaji na uuzaji wake Mombasa, Kilifi ikafuata, na serikali ya kitaifa ikajibu kwamba amri hizo hazina nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria ya mimea na kanuni za miraa za 2023. Kesi zikaenda mahakamani. Ninavyoona mimi, wazazi wa Pwani walikuwa na kilio cha kweli na wakulima wa Embu walikuwa na riziki ya kweli, na hakuna chama kikubwa kilichokuwa tayari kusema neno moja lile lile Embu na Mombasa. Ukitaka kujua kama chama kina sera, sikiliza inachosema Embu. Tena usisahau kwamba methadoni haimtibu mtafunaji wa muguka wala mvuta bangi, hao wanahitaji ushauri nasaha na kazi ya kufanya, na ilani zinazowaweka wote katika kapu moja zimeandikwa na mtu asiyewajua.

Ndugu Mhariri, wacha tuseme ukweli. Dagaa wanajaa jela na papa wanafadhili kampeni. Kuna chama chochote kitakachowagusa wenye mali? — Mvuvi mstaafu, Mtopanga

Mzee wangu, umelisema kwa ufupi kuliko nitakavyoweza.

Tuchukue kesi moja iliyomalizika, isiyo ya uvumi. Baktash na Ibrahim Akasha, ndugu wawili wa hapa Mombasa, walikamatwa Novemba 2014. Kesi ya kuwapeleka ng'ambo ikasota katika mahakama zetu zaidi ya miaka miwili. Januari 2017 wakapelekwa Marekani, Oktoba 2018 wakakiri makosa mbele ya mahakama ya New York, na Baktash akahukumiwa miaka 25 mwezi Agosti 2019, mdogo wake miaka 23 mwezi Januari 2020. Katika kukiri kwao walieleza kwamba walikuwa wakiwahonga maafisa hapa nchini, wakiwemo polisi, waendesha mashtaka na mahakimu. Hapo ndipo panapouma. Hukumu hiyo ilitolewa mbali na watu walioumizwa, na hongo zilizotajwa kule zilikuwa zimetolewa hapa.

Kwa hiyo sera ya chama juu ya uuzaji wa dawa haianzii baharini. Inaanzia katika mkoba wa chama chenyewe. Tunayo sheria ya fedha za kampeni tangu mwaka 2013, sheria ambayo ingemlazimu mgombea aeleze amepata wapi na ametumia kiasi gani, na sheria hiyo haikutumika katika uchaguzi wa 2017 wala wa 2022. Wabunge wa pande zote waliiacha ilale. Chama kinachotuambia kitapambana na mabaroni wa unga huku kikikataa kutaja waliolipia magari yake ya kampeni, mafulana yake na helikopta yake, kinatutaka tuamini kwamba fedha ya unga inajua kuingia kila mahali isipokuwa kwake. Vilevile tuna sheria ya utakatishaji fedha ya 2009 na wakala wa kurejesha mali. Ningekiheshimu chama ambacho kingetamka kwamba mali itakayotwaliwa kwa walanguzi itaingia moja kwa moja kwenye matibabu, jumba la kifahari la ufuoni likauzwa na fedha zake zikalipia dawa Kisauni. Lakini kabla ya hapo, kifungue daftari lake. Kikilifungua nitaandika jina lake katika safu hii bila kuombwa.

Habari. Kaka yangu amekubali juzi usiku kwamba anataka kuacha unga. Uchaguzi ni mbali. Nifanye nini sasa? — Dada, Tudor

Mwanangu, usisubiri uchaguzi, na usisubiri hata wikendi. Nia ya kuacha huja na kuondoka, na mara nyingi huondoka na arosto ya kwanza.

Kwa kawaida safari ya methadoni huanzia kwa mashirika ya jamii, ambayo humpima mtu, humwandaa na kumpeleka kliniki. Mombasa wapo Reachout na MEWA, na kliniki yenyewe iko Kisauni. Kwa jamaa walio nje ya kaunti ziko za Kombani na Malindi. Ukikwama, nambari ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ya 1192 haina malipo na hupokewa usiku na mchana. Usimfungie chumbani ukidhani arosto itamtoa unga mwilini, na hasa kama anachanganya na vidonge au pombe, kwani kuacha hivyo ghafla kunaweza kuleta kifafa. Akiwa amelala na haamki, midomo imebadilika rangi na anakoroma kwa kukwama, mlaze ubavu na umkimbize hospitali, na uwaeleze madaktari wazi kwamba ni unga, kwa sababu ipo sindano ya nalokisoni inayoweza kumrudishia pumzi, na dakika unazotumia kuona haya ndizo anazozihitaji.

Nenda naye wewe mwenyewe, alfajiri, kabla hajaanza kuumwa. Beba maji, na kitambulisho chake. Akikuambia mtarudi kesho, mwambie gari limeshafika.